Dhahabu Chini ya Plasta

Araxie Hagopian alikataa kukaa.

"Nimewakalia kwenye stuli yenu miaka mitatu mpaka mgongo umepinda," alisema. "Leo nitasimama."

Inspekta Lucien Pelletier akakiacha kiti kilipo. Chumba kilikuwa stoo ya vipuri isiyo na dirisha, na wakuu wa kiwanda walikichagua kwa sababu hiyohiyo. Pelletier alikichukia tangu alipokanyaga kizingiti. Alikichukia zaidi kwa wale walinzi wawili waliosimamishwa mlangoni kumlinda mama mtu mzima mwenye viatu vya mpira, kana kwamba angeruka ukuta.

Mkasa wenyewe ulijulikana kiwanda kizima. Kampuni ya Merrow na Stroud, yenye kiwanda hicho kando ya Mto Charles, karibu na Boston, zamani walitengeneza saa za mkononi. Sasa walikuwa wakifuma kumbukumbu za kompyuta itakayowaongoza wanaanga kwenda mwezini. Kufuma hasa, kwa sindano. Wanawake wawili walikaa wakitazamana, kiunzi cha chuma katikati yao, wakipitishiana waya mwembamba kama unywele. Waya ukipita ndani ya kishanga cha chuma, kompyuta ilisoma moja; ukipita kando, ilisoma sifuri. Wenyewe waliiita kazi yao kamba. Kamba ikikamilika hupimwa, hutolewa kwenye kiunzi, humiminiwa plastiki, ikakauka ikawa tofali. Baada ya hapo hakuna fundi wa kuirekebisha.

Kamba ya Araxie ilikuwa imekatika waya juu ya meza ya kutikisia, inayoiga mtikisiko wa roketi. Maabara walipoiyeyusha plastiki, walikuta waya umekwaruzwa, na ndani ya mkwaruzo kumenasa chembe ya dhahabu. Tena dhahabu ya sonara, iliyochanganywa na shaba, ambayo haitumiki popote ndani ya kompyuta ile.

Tangu wale wanaanga watatu waungue ndani ya chombo chao kikiwa bado ardhini, neno ajali lilikuwa limekosa wasikilizaji. Maafisa wa serikali kuu walitaka mtu. Na mkuu wa idara, Mhandisi Bradford Whitlock, aliwapa mtu: mfumaji mwenyewe, mjane wa Kiarmenia, mwenye pete ya ndoa isiyotoka kidoleni na kaka aliyerudi Yerevan kwa Wasovieti baada ya vita. Kengele ya zamu ya pili ikilia, wangempakia kwenye gari kwenda Boston kujibu mashtaka ya hujuma. Pelletier wa polisi ya jimbo aliachiwa mpaka kengele hiyo, tena kwa shingo upande.

"Mama, kaka yako hukuandikia?"

"Kila sikukuu. Anaomba soksi za sufi." Araxie akamkazia macho. "Andika hapo: soksi. Pengine ndani yake mna bomu."

"Sikuja kukutania."

"Mimi pia sitanii. Nimekunywa dawa ya presha leo, la sivyo ungenisikia."

"Naomba kuiona pete."

Mkono wake wa kushoto ukaenda nyuma ya mgongo. Kidole cha pete kilikuwa kimezungushiwa plasta nyeupe, safi, iliyokazwa sawasawa. "Hapana."

"Ukinionyesha haina mkwaruzo, mambo yatakuwa mepesi kwako."

"Mepesi! Sikiliza, bwana. Nikipita mlango wa chumba cha kufumia, Norma, msimamizi wetu, ananifunga plasta ili pete isikwaruze waya. Nikitoka nje ya geti, naifungua. Anayefungua humu ndani anafukuzwa siku hiyohiyo. Yupo aliyefukuzwa kwa kujikuna! Bwana Whitlock amenijia asubuhi na hawa mabaunsa wake, ananiambia, 'Fungua tuione dhahabu yako.' Nikamwambia tutoke wote nje ya geti. Akasema nataka kutoroka." Sauti ilikuwa imepanda sasa, na mmoja wa walinzi akachungulia. "Ewe, unachungulia nini? Sijamla!"

"Ungeweza kuifungua tu, mama. Kidole chako, pete yako."

"Na sheria ni yao. Miaka mitatu wamenichapa na sheria hiyo kama punda. Leo inanifaa mimi, wanataka niivunje?"

Mlango ukafunguliwa pasipo hodi. Whitlock alikuwa mrefu, tai imenyooka, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Huku akisema, kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kikisugua shina la kidole cha pete, huku na huku.

"Inspekta, unapoteza muda. Dhahabu ni yake. Hakuna mfumaji mwingine wa kiunzi kile mwenye pete isiyotoka."

"Nani mwingine aliishika kamba ile?"

"Iannuzzi, wa chumba cha kumiminia. Kama unapenda kuchakura, kachakure huko. Ana mkufu wa dhahabu, na waliwahi kutukanana na huyu mama kantini." Akamtupia Araxie jicho la haraka. "Lakini kaka yake hayuko Moscow."

"Wala wangu," akasema Araxie. "Yerevan, mjinga wewe! Mhandisi mzima hujui ramani."

Pelletier akatoka kabla hajacheka. Hasira zilikuwa zimemkaba pande mbili. Alimkasirikia Whitlock kwa kiburi chake, na alimkasirikia Araxie kwa kuing'ang'ania plasta hali jela imefungua mdomo.

Njia ya chumba cha kumiminia ilipitia chumba cha kufumia. Mlangoni Norma Deegan, msimamizi, alikuwa amekaa na makopo ya plasta, akiwafunga wanawake wanaotoka mapumziko. Alimfunga wa kwanza, akamfunga wa pili, akamwinamishia Pelletier kichwa kwa adabu, akamfunga wa nyuma yake. Ndani, watu wote walikuwa kazini na hakuna aliyekuwa akizungumza. Siku za kawaida, alivyoambiwa, chumba kile kilikuwa na soga kama kisimani. Leo walimtazama tu alivyopita, na hakukuwa na jicho hata moja la kumtakia heri.

Salvatore Iannuzzi alikuwa akila mkate wenye madonge ya nyama juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mkufu ulikuwapo kweli, na msalaba wake.

"Nilijua utakuja," alisema, mdomo umejaa. "Mkufu, siyo?"

"Nimesikia ulitukanana na Bibi Hagopian."

"Alisema mchuzi wa mama yangu ni maji ya kuoshea vyombo! Nikamjibu. Kesho yake akaniletea mkate wao wa nyama ya kusaga, yakaisha. Wewe kwenu hamgombani?" Akasimama, akavaa aproni ya mpira. Ilimfika kidevuni. Mkufu ukazama, na glavu zikapanda mpaka viwikoni. "Haya. Nikwaruze na nini, pua?"

Pelletier alimtaka azivue na kuzivaa tena, akajaribu mwenyewe kuingiza kidole kwenye ukosi. Hakikupita. Iannuzzi akarudia kuketi na kuendelea kula, amenuna.

"Kamba hukufikiaje?"

"Ikiwa ndani ya kiunzi. Mimi ndiye ninayeitoa, na hizihizi glavu. Ila siku ile alipokuja mwanaanga kututembelea mambo yalikuwa shaghalabaghala. Maua, keki, bendera. Kamba zililetwa uchi kwenye trei, zimeshatolewa, zote kazi ya huyo mama. Nikamuuliza Bwana Whitlock kulikoni. Akaniambia nimimine plastiki, nisimimine maneno."

"Ulimwambia hivyo yeyote baadaye?"

"Nani aliuliza? Wamekuja leo wanauliza kama mke wake Lenin ni shangazi yangu."

Pelletier akatoa picha ya maabara mfukoni. Mkwaruzo ulionekana waziwazi, mrefu kama ukucha wa mtoto, upande wa chini wa kamba. Aliomba kiunzi kitupu. Iannuzzi akakitoa kabatini na kukiweka mezani, na Pelletier akakigeuza, akakirudisha, akapiga magoti kukichungulia. Upande wa chini wa kamba ulilalia bamba la chuma, na bamba lilikazwa kwa skrubu nane. Alijaribu kupenyeza kidole kati ya bamba na pale ambapo kamba ingelala. Kidole kiligota. Pete yake ya ndoa ikagonga chuma, ikatoa mlio mkali.

"Ebo! Pete, afande!" Iannuzzi alirukia mkono wake. "Ungekuwa na kamba humo, tungelia sasa hivi."

Pelletier akabaki vilevile, magoti sakafuni, akiutazama mkono wake. Pete ya dhahabu, wazi, haina hata uzi juu yake. Tangu asubuhi alikuwa amepita mlango wa Norma mara tatu.

Alirudi mlangoni kwa mwendo wa kasi.

"Bi Norma, mbona mimi hukunifunga plasta?"

Mama yule akashangaa, kisha akaona haya. "Wewe ni mgeni, bwana. Una tai."

"Sheria inasemaje?"

Norma akanyoosha kidole kwenye kibao juu ya kichwa chake. Kiliandikwa kwa herufi kubwa: kila aingiaye afungwe pete. "Lakini wenye tai hatuwafungi. Mwanzoni nilijaribu. Mmoja akaniuliza kama nataka kumshika mkono. Wakacheka wote. Basi nikaacha."

"Na Bwana Whitlock?"

"Nani amfunge Bwana Whitlock?" Norma alisema, na hakucheka. "Mimi nina watoto wanaokula."

Kantini, juu ya pipa la kahawa, walikuwa wametundika picha kubwa ya siku ya mwanaanga, imewekwa kwenye fremu. Pelletier alikuwa ameipita asubuhi na kikombe cha karatasi mkononi, akaona tabasamu tu. Sasa alipanda juu ya benchi na kuitazama kwa karibu. Wafumaji walikuwa safu ya nyuma, mikono mbele, vidole vyeupe kwa plasta. Araxie wa tatu kutoka kushoto. Mbele yao mwanaanga aliinama kwa heshima, mikono nyuma kama mtoto aliyeonywa asiguse kitu. Na Whitlock alikuwa ameipakata kamba uchi katika kiganja cha kulia, ameielekeza kamera, vidole vimekunjwa chini yake. Kwenye kidole cha pete kulikuwa na pete ya chuo, ile kubwa ya dhahabu wanayovaa wahitimu wa huko mpaka kaburini, yenye jiwe na nakshi za kuchongoka pande zote.

Hasira zilimpanda Pelletier hata benchi likatikisika. Aliing'oa picha ukutani na msumari wake.

Bado lilibaki jambo moja, na hilo hakutaka kulibahatisha. Alikwenda stoo, akawaambia walinzi wasogee. Walitazamana. Akawaambia mara ya pili kwa sauti ambayo haikuhitaji ya tatu, akamchukua Araxie Hagopian wakatembea pamoja uani, wakampita mlinzi wa geti, wakasimama kwenye barabara ya umma chini ya jua la mchana.

"Hapa si kiwandani," alisema. "Naomba sasa, mama."

Araxie alimtazama kwa muda, kisha akaanza kubandua plasta kwa ukucha. Chini yake ngozi ilikuwa imekunjamana na kuwa nyeupe. Pete ilikuwa nyembamba, ya kijivu, haina mng'aro.

"Fedha," alisema Pelletier.

"Sarafu. Marehemu aliigonga kwa nyundo kambini Aleppo, ukimbizini, tulipokuwa hatuna hata sahani. Alisema akipata dhahabu atanibadilishia. Alipoipata, kidole kilikuwa kimenenepa." Akaifunika kwa mkono wa pili. "Dhahabu! Wameona plasta, wakaijua dhahabu. Hakuna aliyeniuliza pete gani. Kila mmoja ameniambia nifungue."

"Mimi pia sikuuliza."

"Wewe pia. Sikukusahau."

Akamwonyesha picha. Araxie akaisogeza mbali kidogo na macho, akaisoma kutoka kushoto kwenda kulia mpaka alipofika kwenye kiganja cha Whitlock.

"Nilikuwa nyuma yake. Nilikuwa natabasamu kama zuzu," alisema. "Alikuwa akiichana kamba yangu, na mimi natabasamu."

Whitlock walimkuta chumba cha kufumia, akiwa na maafisa wawili wa serikali kuu waliokwisha vaa makoti. Norma alimfunga Araxie plasta mpya mlangoni. Alipomwona mshtakiwa anaingia bila walinzi, Whitlock alifungua mdomo. Pelletier akamwekea picha kifuani, ikambidi aishike.

"Pete yako iko wapi, bwana?"

"Pete ipi?"

"Hiyo uliyoshindwa kuisahau. Tangu asubuhi unasugua mahali pake."

Whitlock akatazama mkono wake. Shina la kidole lilikuwa na duara jeupe, lililokwepa jua miaka mingi. "Nimeipeleka kwa sonara. Ilikuwa imelegea."

"Imepungukiwa na chembe, siyo imelegea. Tutaipata kwa sonara huyo kabla jua halijazama, na maabara wataiweka pamoja na chembe yao. Pete ya huyu mama ni ya fedha, nimeiona mwenyewe. Mkwaruzo uko upande ambao mfumaji hawezi kuufikia kamba ikiwa kwenye kiunzi. Nani aliitoa kwenye kiunzi ili aishike vizuri mbele ya kamera?"

"Mbele ya wafanyakazi wote hivi—"

"Walikuwepo ulipopiga picha. Wawepo na sasa!"

Afisa mmoja akaanza kukifungua kifungo cha koti, polepole, macho yakiwa kwa Whitlock.

"Nilihisi kitu kimekwama," Whitlock alisema hatimaye. Sauti ile ya kusikilizwa ilikuwa imemkimbia. "Kidogo sana. Nilivuta mkono. Wakaipima tena ikiwa tofali, ikapita vipimo. Nikadhani si kitu."

"Ilipokatika ukajua ni kitu."

"Mimi nina idara nzima! Mradi mzima! Mngeusimamisha mradi kwa ajili ya pete?"

"Ukaona heri usimamishe mjane."

Na hapo maneno ya Iannuzzi yalimrudia Pelletier kama mtu aliyemgonga begani. Kamba zililetwa uchi. Zililetwa.

"Ulishika ngapi?" aliuliza.

"Unasema?"

"Kamba. Siku ile. Ulishika ngapi?"

Sindano zilikuwa bado zikienda na kurudi, kwa mazoea ya mikono tu. Whitlock akalamba midomo.

"Mpiga picha hakuridhika na ya kwanza. Alisema mwanga haukukaa vizuri. Nikachukua nyingine."

"Iko wapi?"

"Ilipita meza ya kutikisia. Haikuwa na kasoro yoyote."

"Iko wapi, bwana!"

"Florida," alisema Whitlock. "Kwenye kituo cha kurushia, wanaifunga kwenye chombo."

Sindano zote zikasimama. Norma alitaja jina la Mungu, mara moja, kwa sauti ndogo. Afisa mwenye koti wazi alikuwa ameshafika kwenye simu ya ukutani na alikuwa akimfokea mtu wa upande wa pili ampishe laini. Mwenzake alikuwa amemshika Whitlock mkono juu ya kiwiko. Siku zote hizo mtu yule alikula, akalala, akachana nywele, na alijua kwamba watu watatu watapanda juu ya moto wakiongozwa na waya uliopita chini ya pete yake. Pelletier alikuwa amewafunga wauaji waliomchukiza kidogo kuliko huyu.

"Nimewalaza wale watu kwenye sala zangu," Araxie alimwambia Whitlock. Hakupaza sauti, na chumba kizima kilimsikia. "Kila usiku. Na wewe umewawekea kaburi ukanipa mimi koleo nilishike."

Kengele ya zamu ya pili ikalia. Whitlock alitolewa kwa mlango uleule ambapo gari la Boston lilikuwa likisubiri. Alipompita Norma aliinamisha uso.

"Uko huru, mama," Pelletier alisema. "Nenda nyumbani. Nitamwambia mtu akupeleke."

"Nyumbani kufanya nini? Ile ya Florida ikitolewa, wanaweka nini mahali pake, kitambaa?" Araxie alikuwa ameshavuta stuli yake. Mwenzake wa upande wa pili wa kiunzi akajifuta macho na kuchukua sindano. "Ilikuwa kazi yangu ile. Zote mbili zilikuwa kazi yangu."

Akaketi.

Pelletier alisogea kiunzini, labda kumwomba radhi, labda kumuaga tu; hakupata nafasi ya kujua. Araxie aligeuka kwa ukali uliowashtua wote.

"Simama hapohapo! Mkono!"

Inspekta akautoa mkono wa kushoto. Norma akalirusha kopo la plasta juu ya vichwa vya wafumaji, Araxie akalidaka. Aliizungusha plasta juu ya pete ya inspekta mara moja, mara mbili, mara tatu, akaikaza mpaka kidole kikabadilika rangi, na Pelletier aliuma meno na kuuacha mkono palepale mpaka alipomaliza.